Viazi vya Baada ya Mbio

Kwenye basi la kutoka uwanjani, mbele yangu walikaa mke na mume. Mke bado alikuwa na namba ya mbio kifuani. Mume alikuwa amempakatia bakuli la viazi na mayai.

“Kula, mama watoto.”

“Siwezi. Nimekimbia kilomita ishirini na moja, tumbo limefunga. Hata harufu yake inanitapisha.”

“Limefunga! Miaka tisa unanisimanga kwamba jiko silijui. Leo nimeamka alfajiri, nimemenya, nimeungua kidole, halafu unanigeuzia uso? Sema tu kwamba chakula changu ni kibaya!” Akainua kidole tukione sote. Kweli kilikuwa kimeungua. Na viazi vilinukia vizuri. Mimi, ambaye sikukimbia popote, mate yalinijaa mdomoni.

Mke akamgeukia kwa hasira. “Tangu nimalize mbio, umeniambia ‘kula’ mara ngapi? Je, umeniuliza hata mara moja nimekuwa wa ngapi?”

Mume akafunika bakuli polepole. Basi likasimama.

“Kwani umekuwa wa ngapi?” akauliza.

Mkewe alikuwa ameshashuka, anachechemea barabarani bila kugeuka.