Mluzi wa Gitaa la Nangila

Alasiri ya Jumamosi, nyuma ya soko la Jericho jijini Nairobi, benchi la Mzee Qorane lilikuwa na watu wake wa kila siku. Qorane huuza kahawa chungu, na benchi lake limeegemea kibanda cha Shiundu, fundi wa redio, ambaye pale kijiweni wanamwita Waya. Hakosi Musau, dereva wa lori aliyestaafu, aitwaye Jaji kwa kuwa hakuna kesi isiyomhusu. Siku hiyo Nangila alifika na gitaa lake begani, lile la mbao lenye tundu la kuchomeka waya, na pedali yake mpya mkononi. Wao humwita Mama Nyuzi. Alifuma vitambaa miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na kanisani alikuwa amepiga gitaa kwa muda mrefu kuliko huo. Hakuagiza kahawa.

— Kiongozi wa kwaya ameniambia kesho nipumzike.

— Upumzike ati umechoka? Jaji akauliza.

— Ati watoto wanaziba masikio nikipiga. Ati gitaa inapiga mluzi. Waya, hii pedali imeharibika. Niangalilie.

Waya aliipokea. Kilikuwa kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, chenye vitufe na milio ya kila aina: mwangwi, sauti ya ukumbi mkubwa, hata ukali wa gitaa la umeme. Nangila hakukinunua kwa ajili ya mbwembwe. Tangu mwaka jana gitaa lake lilikuwa likisikika kama limefunikwa blanketi, akadhani mbao zimezeeka. Kwa pedali hii aliweza kuongeza sauti nyembamba, akaongeza, akaongeza tena, mpaka nyuzi zikamrudia kidogo. Hakumwambia mtu.

Waya alichomeka kila kitu kwenye spika ya kibandani.

— Haya, piga.

Nangila alipiga. Mkono wa Qorane ukashtuka, kahawa ikamwagika. Jaji alifumba macho kama mtu aliyeuma ndimu. Nangila alisikia mlio mzito, mtamu, uliofifia kidogo tu.

— Nimejua, Waya akasema. Hizi vitu zilitengenezewa gitaa ya umeme, ile haina tumbo. Yako iko na tumbo. Sauti ikitoka kwa spika inaingia tena kwa shimo, inazunguka huko ndani mpaka inalia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acha zako, bana, Jaji akamkata. Hiyo ni moshi ya jalala ya Dandora. Upepo ukigeuka si inafika mpaka hapa? Gitaa imevuta hiyo moshi miaka yote, imeshika kifua. Sikio la kufa halisikii dawa!

— Gitaa iko na sikio? Waya akauliza.

— Iko na shimo. Sikio ni nini kama si shimo?

Waya aliliziba shimo kwa kitambaa. Nangila akapiga tena. Jaji akafumba macho tena.

Qorane alifuta meza polepole.

— Mbao ni mti, alisema. Mti ni nyumba ya ndege. Mti ukikatwa na ndege yuko ndani, ataenda wapi? Atalia humo humo.

— Mzee, sasa unasema tumwite daktari wa kuku? Jaji akauliza.

Walicheka. Nangila naye alicheka, lakini aliona kitu: wote walikuwa wakiangalia gitaa, pedali, spika. Hakuna aliyemwangalia yeye.

Wakati huo alisimama mbele yao mwanamke mgeni, chupa ya chai mkononi. Aliitwa Filsan, alikuwa ameanza kazi wiki hiyo katika duka la vitambaa la jirani, na alikuja kuchukua kahawa. Kiganja kimoja alikuwa amekibana sikioni, juu ya shungi.

— Samahani, mama, alisema. Wewe mwenyewe huo mluzi unausikia?

Jaji aliangalia kikombe chake. Waya alishika waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Nangila alikumbuka kelele za mitambo ya kiwandani, na jinsi wanawake walivyozungumza kwa mikono tu kutoka asubuhi mpaka kengele. Akamkumbuka binti yake Eve, anayelalamika kila siku kwamba akimpigia simu hapokei.

— Kwani huo mluzi unalia sasa hivi? aliuliza.

Qorane aliinamisha kichwa kukubali.

Nangila alitoa kidole kwenye nyuzi. Kisha akaisukuma pedali kwa Waya.

— Punguza wewe. Punguza mpaka masikio yako yatulie.

Waya alizungusha vitufe taratibu, naye Nangila akawa anapiga. Kila mzunguko ulimpokonya kitu. Nyuzi nyembamba zikaenda kwanza, kisha zile za katikati, mpaka akabaki na mtetemo wa mbao kifuani. Filsan alishusha mkono.

— Hapo, Waya akasema kwa sauti ya chini. Akarudia kwa nguvu: Hapo, Mama Nyuzi!

Alichukua kalamu, akatia alama kwenye kila kitufe.

— Usivuke hizi. Zikisogea, niletee.

— Na kiongozi wa kwaya?

— Nitakuja mwenyewe kesho, nimwonyeshe.

Jaji, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimsogezea kikombe chake cha kahawa.

Nangila aliuanza wimbo wa ibada, akaupiga wote. Zamani alikuwa akifumba macho akipiga. Safari hii aliyaacha wazi, akizitazama nyuso zao mmoja mmoja mpaka mwisho.