Averki Lukich Pestriakov, Aliyeimbiwa Mazishi Akiwa Hai

Watu wa Turukhta, aliyelala mbele yetu leo, Alhamisi tarehe 19 Januari 1884, ni Averki Lukich Pestriakov, nahodha mstaafu wa jeshi la bahari, aliyekuwa Mkuu wa bandari hii kwa miaka ishirini na mmoja. Mimi Yermil Nazarovich Tyunin, mfanyabiashara wa ngozi, ni kaka wa mkewe. Shule sikusoma, lakini nimeombwa nisome maisha yake, na nitayasoma kama ninavyouza: kilichopo nitasema kipo, kisichopo sitakiongeza. Mnajua kwa nini marehemu amekawia kuzikwa. Dada yangu Glafira Nazarovna alitaka jambo moja tu, mumewe aimbiwe ibada ya mazishi kabla hajafukiwa. Baba Prokl alikataa, kwa kuwa Averki Lukich alikuwa ameshaimbiwa, katika kanisa hili hili, miaka karibu thelathini iliyopita.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1822 katika mji wa Kologriv, kando ya mto Unzha, akiwa mtoto wa nne wa luteni mstaafu Luka Pestriakov, mtu aliyekuwa na heshima nyingi na ng'ombe mmoja. Bahari hakuiona mpaka alipotimiza miaka kumi na miwili.

Mwaka 1834 alipelekwa shule ya maofisa wa bahari mjini Petersburg, amevaa koti la mjomba wake lililopunguzwa mikono. Alipenda kusimulia kisa kimoja cha huko. Mwalimu alimwuliza, "Pestriakov, merikebu imezama, mko juu ya barafu. Ofisa anafanya nini?"

"Anahesabu watu wake."

"Kisha?"

"Anahesabu tena."

Darasa zima likacheka, ila mwalimu hakucheka. Alihitimu mwaka 1840, akatumikia bahari ya Baltiki miaka saba, ndipo akavuka Siberia kwa farasi hadi pwani yetu. Hapo ndipo tulipojuana. Aliingia dukani kununua viatu vya manyoya akalipa bei niliyoitaja kwanza. Nikamwonea haya. Nikamwambia, "Bwana Ofisa, hapa kwetu bei ya kwanza ni salamu tu." Akasema, "Na mimi nimeitika salamu." Tangu siku hiyo nilijua kwamba mtu huyu atatawala watu siku moja, na kwamba utajiri hataupata.

Tarehe 22 Januari 1851 alimwoa dada yangu katika kanisa hili, mbele ya marehemu Baba Feoktist. Mwaka uliofuata walimpata binti yao, Lukerya.

Oktoba 1853 alipewa merikebu Zosima kupeleka unga kwenye vituo vya kaskazini. Barafu iliiziba njiani. Mwezi Februari wachungaji wa kulungu walileta ubao wa ubavuni uliookotwa ufukweni, na jina la merikebu juu yake. Hata hivyo Glafira alikataa kuvaa nyeusi. Kisha akaanza kumwota. Kila alipolala alimwona mumewe amesimama nje ya mlango, maji yanamchuruzika, wala havuki kizingiti. Mama yetu, marehemu Ustinya Pavlovna, alisema neno ambalo mama yeyote wa pwani hii angelisema: "Anaomba aimbiwe. Mfu asiyeimbiwa hana pa kuingia." Basi Jumamosi tarehe 20 Machi 1854, katikati ya Kwaresima, Averki Lukich aliimbiwa bila maiti. Udongo uliobarikiwa tuliumwaga baharini, kwenye ufa wa barafu.

Tarehe 2 Juni alirudi kwa miguu.

Mama alikuwa akikanda unga. Alimwona mkwe wake amesimama uani, ndevu zimefika kifuani. Hakupiga kelele. Aliteremsha komeo la mlango, akafungua kidirisha.

"Wewe nani?"

"Averki, mama."

"Averki tumemwimbia Kwaresima. Hebu fanya ishara ya msalaba."

Akafanya.

"Tena. Polepole, nivione vidole."

Akafanya tena. Mama akampitishia kipande cha mkate mweusi dirishani.

"Kula. Tafuna, usimeze kama mbwa!"

"Mama mkwe, meno yenyewe yameng'oka."

"Haya," mama akasema, "mfu halalamikii meno. Glafira, mfungulie baba Lukerya."

Nilikuwapo. Glafira alimtazama kitambo kirefu, kisha akaondoa komeo.

Yaliyompata huko alinisimulia mara moja tu, dukani kwangu, juu ya chai. Baada ya Zosima kupondwa walisalia watu wanne pamoja naye, wakitembea juu ya barafu kuelekea nchi kavu. Kama alivyozoea, aliwahesabu. Akapata watano. Aliwasimamisha, akamwambia kila mmoja aseme jina lake. Majina yakawa manne. Wakaendelea kutembea, akahesabu tena, wakawa watano. Kisha siku moja mchana kweupe walisikia kuimba. Sauti ilitoka upande wa bahari, na harufu ya ubani ilikuwa ndani yake. Wale watatu walipiga magoti, wakasema ni malaika, wakaifuata.

"Wewe je?" nikamwuliza.

"Mimi niliitambua sauti ya Shemasi Filat wa kanisa letu, akiimba mazishi. Pale penye 'pamoja na watakatifu' sauti yake ilishuka vibaya, kama kawaida yake. Nikawapigia kelele, 'Rudini! Malaika hawezi kuimba hovyo namna hii!' Hawakugeuka. Nikaupa wimbo kisogo, nikatembea."

"Peke yako?"

Alikoroga chai yake. Sikurudia swali. Mtu akiificha bidhaa chini ya meza, ujue haiuzi.

Baba Feoktist hakukubali kulifuta jina lake miongoni mwa wafu. Alisema kilichoimbwa hakiimbuliwi. Kwa hiyo kila Jumamosi ya kuwaombea wazee waliotangulia, jina la Averki lilisomwa pamoja na ya marehemu wenzake, naye akiwa amesimama pale karibu na nguzo ya kushoto. Likitajwa, aliinama kidogo, kama mtu anayeitika mahudhurio. Mliokuwapo mnakumbuka jinsi mishumaa ilivyokuwa ikitikisika wakati huo. Wengine husema ni upepo wa mlangoni. Mlango nilikuwa nikiufunga mwenyewe.

Mwaka 1858 aliteuliwa kuwa Mkuu wa bandari na wilaya, akashika kazi hiyo hadi 1879. Mnara wa taa mnaouona pale rasini aliujenga yeye, na ghala la unga la jiwe, na njaa haikutuingilia tena. Alikataza mfanyabiashara kufungua vodka mbele ya wachungaji wa kulungu kabla ngozi hazijapimwa. Amri hiyo ilinipiga mimi shemeji yake kuliko mtu yeyote. Nilimwendea nikamwambia, "Averki Lukich, damu ni damu." Akaniambia, "Na mzani ni mzani, Yermil." Nilimkasirikia majira mawili ya baridi. Sasa ninakubali kwamba wachungaji walianza kuniletea ngozi nzuri zaidi.

Hakuwahi kumpiga mtu, wala hakupaza sauti. Hakuhitaji. Akipita, mbwa wa kukokota walinyamaza na kulala chini, hata wale wa kwangu ambao hubwekea mwezi. Kapiton Yegorovich, najua uko huko nyuma, usijifiche, ulishasamehewa. Unga ulipopungua ghalani, Mkuu alikuja akaketi juu ya gunia mbele ya Kapiton, akanyamaza.

"Bwana Mkuu, mimi sijui lolote," Kapiton akasema.

Kimya.

"Naapa, bwana! Naapa kwa wote walio hai!"

"Na kwa wale wengine?" Mkuu akamwuliza, kwa upole kabisa.

Magunia yalirudi kabla chai haijapoa. Kwenye baraza za chai watu walisema, aliye hai unaweza kumdanganya, lakini huyu utamdanganyia wapi?

Nyumbani alikuwa mtu wa taratibu. Alimfundisha Lukerya kusoma nyota, akamchongea Glafira sanduku la uzi kwa pembe ya kulungu. Ila hakupata joto kamwe. Katikati ya Julai aliketi karibu na jiko amevaa koti, na ukimpa mkono ulikuwa kama samaki aliyetolewa sasa hivi kwenye maji.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kukohoa. Tabibu wa bandari alisema ni mapafu. Kufikia Krismasi hakuweza kuinuka. Alipokaribia mwisho, mikono yake ilipata joto, ikawa kama ya mtu aliyetoka kuota moto, na uso wake ukaiva kama wa kijana. Tabibu alisema ni homa. Glafira alikaa ameishika mikono ile kutwa nzima, kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia. Averki Lukich alifariki Jumamosi tarehe 14 Januari, adhuhuri, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Sasa niseme la jana, maana dada yangu ameniruhusu na Baba Prokl hakunikataza. Tulikwenda kwake wawili, mimi na Glafira. Baba Prokl bado ni kijana, ametujia mwaka jana tu, na ni mtu wa haki.

"Yermil Nazarovich," akaniambia, "imeandikwa kwamba aliimbiwa. Mtu hufa mara moja."

"Ni kweli, Baba. Basi tupatane. Yule aliyeimbiwa, alikuwa amekufa?"

"Hapana. Si alirudi?"

"Basi aliimbiwa mtu hai, na wimbo wa mfu juu ya mtu hai si kitu. Huyu bado."

"Siwezi kusema ibada ya Kanisa si kitu!"

"Vizuri. Ibada ni kitu, na Averki Lukich alikufia barafuni. Niambie basi, ni nani aliyekula mezani kwa dada yangu miaka hii yote? Maana huyo naye hajaimbiwa. Chagua upande uupendao, Baba, kila upande una wimbo mmoja unaodaiwa."

Baba Prokl alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wewe ungefaa seminari."

"Seminari wasingenimudu."

"Lakini askofu akiniuliza nilimwimbia nani, nimjibu nini? Siwezi kumwimbia mtu nisiyemjua. Wewe mwenyewe unashika lipi?"

Nilifungua kinywa. Nimewauzia Wachina ngozi za sungura wakashukuru, lakini jibu hilo sikuwa nalo dukani. Glafira ndiye aliyejibu. Alikuwa ameketi karibu na jiko, mikono juu ya magoti.

"Yule wa kwanza alilala upande wa ukutani," akasema. "Huyu alilala upande wa mlangoni, siku zote, tangu usiku ule wa kwanza aliporudi. Yule wa kwanza mlimwimbia, nami nilimlilia nikamaliza. Huyu hajaliliwa na mtu. Mwimbie huyu wangu."

Baba Prokl akamgeukia.

"Kwa jina gani, mama?"

"Averki. Hakuniletea jingine."

Akasimama, akaenda kutoa mavazi yake ya ibada sandukuni.

Marehemu ameacha mjane, Glafira Nazarovna. Binti, Lukerya Averkievna, aliyeolewa Yakutsk, ambaye barua bado inamfuata njiani. Wajukuu watatu, Nikon, Taisia na Luka mdogo. Mimi shemeji yake. Na taa ile ya rasini. Baada ya maziko, uji wa ngano na asali uko nyumbani, asiondoke mtu na njaa.

Apumzike kwa amani Averki Lukich. Safari hii asihangaike kurudi, tutamfuata sisi. Baba Prokl, tuko tayari.