Datsun ya Kipruto Haina Paa

Pale Chepseon, kando ya kibanda cha chai cha Jerusa, kuna benchi ambayo haijawahi kukosa mtu mwenye maoni. Sikumbuki mwaka huo wa 1994 tulikuwa tukibishania nini kabla Kipruto hajatokea. Najua tuliacha mara moja. Alikuja na Datsun nyekundu ya zamani, viti viwili, bila paa, ikisukumwa na vijana wa soko. Mzee Nyaberi wa Kipkelion alikuwa ameifungia ghalani chini ya magunia ya mahindi, na Kipruto akaichukua kwa kumpa mitamba wawili wa kwao. Jumamosi wazee wake walikuwa waende Kaplong kukubaliana mahari ya mchumba wake, Chelangat, na kijana alikuwa na hakika kwamba gari hilo lingemaliza maneno yote. Alilipangusa kwa shati lake. Lilikuwa zuri, nami niliona wivu.

Kipruto: Ni betri tu. Lakini ona hiyo pua! Ona taa! Nikikaa ndani nasahau hata jina yangu.

Bosire, fundi wetu wa baiskeli tunayemwita Injinia, alikuwa ameshachuchumaa kuchungulia chini.

Injinia: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hii imejitembeza? Haijajitembeza. Imesukumwa. Basi ni kizuri.

Kimeli tunamwita Hansadi, kwa sababu habari za redio huzirudia kana kwamba alikuwa Bungeni.

Hansadi: Swali la nyongeza. Mvua ya hapa ni kila siku mchana. Paa iko wapi?

Injinia: Paa ni ya gari iko na aibu! Mjapani alikata kusudi, upepo ipige kichwa, akili ikae fresh. Unafikiri redio walitengeneza aje?

Hansadi: Naunga mkono. Na huko Kaplong wataona bwana harusi wote, kutoka kiuno kwenda juu. Wakwe wanapenda uwazi.

Kipruto: Chelangat amefunga kitambaa, sisi wawili tu, majani chai huku na huku...

Injinia: Wachumaji wataacha kuchuma!

Hansadi: Kiwanda itafungwa! Waziri atakuja kuuliza!

Injinia: Si walisema mkono mtupu haulambwi? Yako iko na usukani! Baba ya msichana akiona hii moti hatataka ng'ombe hata moja. Atatuongezea yeye!

Hansadi: Hoja imepita!

Tulikuwa tumeanza kugawana ng'ombe za mkwe pale mzee mmoja mwenye koti na fimbo aliposimama karibu nasi. Kipruto aliruka wima. Alikuwa Johana, mjomba wa Chelangat.

Johana: Chamgei, wazee.

Alilizunguka gari polepole, akaligusa boneti, akatabasamu.

Johana: Hii ni kitu mzuri, kweli. Ningekuwa kijana, hata mimi ningeipenda.

Kipruto: Asante, mzee. Asante sana.

Johana: Nimetumwa na baba ya msichana, swali moja tu. Zile mitamba mbili mlituonyesha tulipokuja kuangalia ng'ombe, ile nyeusi na ile ya madoadoa. Zilishazaa?

Injinia alianza kukagua tairi. Hansadi aliahirisha kikao, akahamia mwisho wa benchi. Nilimhurumia Kipruto, kwa kweli.

Kipruto: Jerusa... mletee mzee chai.

Jerusa: Imeisha.

Nyuma yake sufuria ya chai ilikuwa ikichemka mpaka inamwagika.