Mzee Munga Changawa na Manowari Zake Ukutani

Ndugu na jamaa, marehemu baba yetu Munga Changawa alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 hapa Kaloleni tunapomlaza leo, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Changawa na Mama Mwidani. Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, kisha akaenda Likoni kwa mjomba wake kutafuta kazi.

Kazi aliipata katika yadi ya meli, akawa mpaka rangi tangu 1970 hadi alipostaafu 2008. Mwaka 1991 bosi wake, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia picha kubwa ya rangi ya mafuta, ya karibu miaka mia mbili: manowari za matanga zimetia nanga karibu na yadi ya jeshi la majini, na juu yake mawingu mazito. Marehemu aliitundika sebuleni kwetu, mtaa wa Shika Adabu kule Likoni. Mgeni hakupata chai kabla ya kuonyeshwa ni meli ipi inayotaka kupakwa upya.

Tarehe 16 Desemba 1978 alikuwa amefunga ndoa kanisani na mama yetu, Florence. Mama alizoea kulalamika kwamba ameletewa mke mwenza, tena wa kutundikwa.

Mwaka 2019 presha ya macho ilimpofusha. Madaktari walisema hakuna tena la kufanya. Na picha nayo, kwa unyevu wa pwani, ikaota ukungu na rangi ikaanza kubanduka. Mama akaipangusa kwa mafuta ya taa, maana ndivyo alivyomwona mumewe akisafisha rangi miaka yote. Yakafutika mawingu, zikafutika manowari, ikabaki turubai tupu. Tulimkuta amekaa sakafuni analia, kitambaa mkononi. Fundi wa picha tuliyemwita alitazama, akatupa pole, akaenda zake. Mama mwenyewe ameomba haya yasomwe.

Hatukuweza kumwambia baba. Kila jioni aliuliza, "Mama Nguma, meli zipo?"

"Zipo, Baba Nguma."

Mwaka jana aliomba ashikwe mkono aiguse. Vidole vikapita juu ya turubai tupu. Akarudi kitini. Kesho yake jioni akauliza vilevile, naye mama akajibu vilevile.

Figo zilimlemea mwaka huu. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Jioni ile hakuuliza. Mama alimshika mkono, akangoja sana, kisha akasema, "Zipo, Baba Nguma. Zote zipo."

Ameacha mjane, Florence. Watoto Nguma, Caroline na mimi Purity ninayewasomea. Na wajukuu sita. Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.