Matone ya Macho ya Dada Ianthe

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani, familia imemtuma Carlisle Boyce, mdogo wa mwisho wa marehemu na dereva wa basi la kanisa hili, awasomee historia ya dada yake, naye anaomba mumvumilie, na akiruka mwaka, Marva, binti wa marehemu, yupo hapa mbele, atamsahihisha.

Marehemu Ianthe Odessa Greenidge alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 kijijini Crab Hill, kaskazini mwa kisiwa chetu cha Barbados, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Bw. Darnley Boyce, mkata miwa, na Bi. Eudora, ambaye wengi mnakumbuka alivyopofuka akiwa na miaka hamsini na sita tu kwa presha ya macho, ugonjwa tunaourithi katika ukoo huu kama tunavyorithi pua.

Alimaliza masomo mwaka 1966, na tarehe 3 Juni 1968 akaajiriwa posta ya Speightstown kupanga barua, kazi aliyoifanya miaka arobaini na moja, wala hakuna mwandiko uliowahi kumshinda. Tarehe 21 Aprili 1973 alifunga ndoa na Bw. Lisle Greenidge, seremala, aliyetangulia mwaka 2004, wakajaliwa watoto wawili, Marva na Rawle, ukiacha Carlisle, ambaye alimvisha sare za shule na kumfokea kama wa kumzaa.

Mwaka 2006 naye aligundulika na presha ya macho, akaanza matone ya kila jioni, akawahimiza wadogo zake wakapimwe, watatu wakaenda, Carlisle akagoma, akisema yeye anaona mpaka kupe wa mbuzi wa jirani. Baadaye ukaja mtoto wa jicho, na tarehe 6 Februari 2018 alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, akawekewa lenzi ya bandia, na wiki ile aliliona vizuri pazia lake la sebuleni, akatununia sote kwa kuwa lilikuwa chafu miaka yote hiyo na hatukumwambia.

Mwezi Aprili ukungu ukarudi. Daktari alimulika jicho akakuta vidoadoa, chembe zilizoganda juu ya ile lenzi kama unga uliomwagika kwenye kioo, akaeleza kwamba jicho lenye presha huchokozeka upesi baada ya upasuaji, na kwamba mara nyingi chembe hizo huondoka zenyewe, ila za marehemu ziling'ang'ania. Matone ya kuzisafisha yalikuwepo, lakini hayohayo huweza kupandisha presha, na presha ikipanda mshipa wa jicho hufa kimyakimya, ukifa haurudi. Alipewa ya wiki sita, akipimwa kila wiki, ukungu ukatoka, presha ikaanza kupanda, akaambiwa aache, akaacha siku hiyohiyo, chupa ikabaki nusu juu ya friji.

Carlisle naye alikuwa na ukungu wake, hajamwambia mtu. Aliona jinsi ile chupa ilivyomsafishia dada yake, akaitia mfukoni, ilipokwisha akaagiza nyingine kwa msafiri, akaendelea kujitonesha miezi minane bila kupimwa hata mara moja. Tarehe 9 Novemba 2019, siku ya kuwapelekea wazee konki, zile keki zetu za mahindi na boga zinazopikwa ndani ya jani la mgomba, marehemu aliiokota chupa yake, tupu, chini ya kiti cha dereva.

"Carlisle, hii imefikaje huku?"

"Labda ilidondoka, dada."

"Ikadondoka kwenye friji, ikatembea ikapanda basi? Mie mbovu ni macho, akili ninayo. Kesho twende ukapimwe."

"Nikipimwa wataninyang'anya leseni."

"Nawe ukimgonga mtoto wa watu?"

Hakwenda kesho yake, hakwenda mwaka uliofuata, na marehemu, asiye na kosa lolote, alijilaumu kwa ile chupa mpaka mwisho, na kila Jumapili alikaa kiti cha mbele upande wa kushoto, ule ambao Carlisle hauoni tangu matone yale yampandishe presha, akimtajia kila anayevuka.

Tarehe 27 Februari 2023 alipatwa na kiharusi, akafariki hospitalini Bridgetown tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi, siku kumi na mbili kabla ya kutimiza miaka sabini na nne. Alimwachia Marva agizo moja, historia yake aisome Carlisle, mwingine asipewe. Familia ilidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi kweli, ila Carlisle alijua ametegwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Crab Hill mliopika siku zote hizi, na wenzake wa posta.

Ndugu zangu, mimi sijasoma hapa. Marva alinisomea tangu Jumatatu nikakariri, karatasi hii naiona nyeupe tupu. Na asubuhi hii nimewaleta watu ishirini na mmoja kwa basi, kile kiti cha kushoto kikiwa hakina mtu, na nimeogopa njia nzima. Nisameheni. Rawle, njoo uchukue funguo, utawarudisha watu nyumbani. Jumanne saa tatu nakwenda kupimwa, Marva atanishika mkono.

Pumzika sasa, dada Ianthe, sitaendesha tena.