Picha ya Kocha Reginaldi Itundikwe

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Bwana Reginaldi Ntwari atarudisha funguo za stoo ya uwanja wa Chuo cha Poplar Ridge, hapa Louisville, na kustaafu baada ya miaka kumi na saba ya kazi. Kesho yake, Jumamosi, tutakusanyika kwenye uwanja huohuo kumuaga kwa mechi. Ratiba ya kwanza ya sherehe ilimwandika kuwa "mtunza uwanja". Ni kweli, ameutunza. Lakini kwa misimu minane alikuwa pia kocha mkuu wa timu ya mpira wa miguu ya chuo hiki, kwa hiyo kuanzia hapa mpaka mwisho wa ukurasa huu ataitwa Kocha.

Wanachama wa chama chetu cha mashabiki wanajua kwa nini neno hilo lina ubishi. Katika ukumbi wetu wa mashabiki kuna ukuta wenye picha za makocha wote waliopita, hata yule aliyeacha kazi katikati ya msimu akaondoka na mipira. Picha ya Kocha Reginaldi haipo. Jumamosi, baada ya mechi, tutanyoosha mikono kuamua kama itundikwe au la. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa jarida letu nilishauriwa, kwa upole sana, niandike mambo ya furaha na niiruke Buffalo. Mambo ya furaha yapo mengi. Na Buffalo ipo.

Kocha alizaliwa Makamba, Burundi, akavuka kwenda Tanzania mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Alikulia katika makambi, na kambini Mtabila ndiko alikoanza kufundisha vijana mpira. Waliocheza chini yake kule wanamkumbuka kwa ukali wa mazoezi, na kwa desturi moja: msafara wa mazishi ukipita kando ya uwanja, mpira ulisimama, hata kama mtu alikuwa amebaki yeye na golikipa.

Alifika Louisville mwaka 2007 pamoja na mkewe, Mama Florida, wakapanga nyumba Beechmont. Alifanya kazi ghalani mwaka mmoja, kisha chuo kikamwajiri kukata majani. Hakuomba ukocha. Mwaka 2010, yule mwenye mipira alipotoweka, timu ilifika uwanjani siku ya mechi bila mtu mzima wa kusimama kando ya mstari, na refa akasema bila mtu mzima hakuna mechi. Vijana wakatazama huku na huku, wakaona mtu juu ya mashine ya majani. Kocha Reginaldi alishuka na ovaroli lake la kijani, akafungwa mabao sita. Baada ya mechi aliwaambia, "Leo mmefungwa na watu wanaokimbia. Jumatatu nasi tutaanza kukimbia."

Wakakimbia. Vijana wengi walikuwa watoto wetu wa Newburg na Beechmont, Warundi na Wanyamulenge, waliotoka kazini ghalani na kuja mazoezini hawajala. Kocha aliwawekea sheria mbili tu. Ya kwanza, kabla ya mechi kila mchezaji aende jukwaani kuwasalimia akina mama wazee kwa mikono miwili. Ya pili, simu zote za wachezaji ziingie kwenye mfuko wa turubai na zisitoke mpaka mechi iishe. Golikipa alikuwa Mmarekani mmoja mrefu kutoka shambani, na kwa kuwa mabeki wote walipigiana kelele kwa Kiswahili, naye akajifunza. Hadi leo, akisukuma kikapu dukani, husema "Mtu nyuma!" na Waswahili wote humpisha.

Kiswahili hicho kilitugharimu siku tulipocheza Columbus. Timu ilikuwa ikipiga mipira ya adhabu kwa mipango ya Kiswahili, ikiamini hakuna Mmarekani atakayeelewa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtaa unaozunguka chuo kikuu kule umejaa wanafunzi kutoka Afrika Mashariki. Walikuwa wamekaa upande wa wenyeji, na kila Kocha alipoita mpango, walimtafsiria golikipa wao kwa sauti kubwa. Kocha akahamia Kirundi. Sauti moja jukwaani ikajibu kwa Kirundi, "Mzee, hata sisi tupo!" Kuanzia siku hiyo alitoa maagizo kwa kugusa kofia.

Chini yake tulichukua kombe la vyuo vidogo mara tatu. Chumba cha makombe kilikuwa kabati la mafagio kabla yake. Mama Flavia, ambaye amepika sambusa za timu tangu mwanzo, anasema miaka ile hata wanaume waliogombana kanisani walikaa benchi moja siku ya mechi. Mashabiki walimwimba. Walimwita baba. Naandika hivi ili ijulikane kwamba midomo iliyomtukana ndiyo ileile iliyomwimba, wala haikuchukua muda mrefu kugeuka.

Sasa Buffalo.

Novemba 2017 tulikuwa fainali, kwenye uwanja wa Buffalo, dhidi ya wenyeji. Theluji ilikuwa imefagiliwa na kurundikwa kandokando ya uwanja, na mabasi mawili ya mashabiki yalikuwa yamefika kutoka Louisville. Kipindi cha pili tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Bao letu lilikuwa la Gaël Rugaba, mshambuliaji ambaye msimu ule hakuna beki aliyemweza. Ndipo simu ya Kocha ikaita mara tatu mfululizo. Aliyepiga alikuwa Mzee Theogene, anayeishi Columbus, kaka wa mama yake Gaël. Mama huyo, Mama Nyirabeza, alikuwa ameanguka kazini, katika nyumba ya wazee alikokuwa akiwahudumia watu, na alikuwa amefariki. Mzee Theogene alisema maneno machache: "Usimwambie wewe. Niletee."

Kwetu hakuna anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo, lakini watoto ninaowafundisha darasani watasoma pia, na wengine hawajui. Habari ya kifo cha mzazi haitolewi njiani. Haitolewi kwa simu, wala na mtu baki. Mtoto huletwa nyumbani, hukalishwa, hupewa maji, na mjomba ndiye hufungua kinywa, watu wake wakiwa karibu ili akianguka adakwe.

Kocha alimtoa Gaël uwanjani. Aliyeingia alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hata kamba za viatu alikuwa hajazifunga. Jukwaa liliripuka.

"Bon, Kocha, ule mutoto unamutosha inje juu ya nini?"

"Amelipwa! Watu wa Buffalo wamemlipa!"

"Mzee, rudi kwenye majani yako!"

Gaël alipiga teke chupa za maji zikaruka hadi kwenye theluji. Kocha alimfuata. Alimvika koti, akamwachia timu msaidizi wake, Aganze, akaazima gari la mwenyeji mmoja na kuondoka na kijana kabla ya filimbi ya mwisho. Tulifungwa kwa penalti.

Kinachofuata ametusimulia Gaël mwenyewe, ambaye sasa ni muuguzi Columbus, na ameomba kiandikwe. Kutoka Buffalo hadi Columbus ni mwendo wa saa tano. Saa tatu za mwanzo alimtukana Kocha. Alimwita mwoga, alimwita mzee wa kambini, alimwambia baba yake mwenyewe asingemfanyia hivyo. Kocha aliendesha. Kila walipopita kituo cha mafuta aliuliza, "Mwanangu, utakula ndizi?" Kila Gaël alipodai simu yake, Kocha alisema mfuko umebaki na Aganze. Kumbe alikuwa ameukalia humo garini. Walipoipita Cleveland Gaël alinyamaza, kwa sababu alianza kujiuliza ni jambo gani humfanya mtu avumilie matusi namna ile. Hakuidai simu tena. Alikula ndizi. Mlango ulipofunguliwa Columbus, aliona viti vimepangwa na dada yake Joselyne amekaa chini, na mjomba wake akamwambia, "Ingia ukae, kijana wangu."

Wakati huo mabasi yetu yalikuwa njiani. Karatasi ya kumkataa Kocha ilizungushwa humo ndani, ikajaa saini kabla mabasi hayajafika Cincinnati. Siku zilizofuata, watu wale wale walikuja msibani Newburg, nyumbani kwa Mama Nyirabeza. Walileta mchele, wakakaa, wakalia vizuri. Wakajua kila kitu. Karatasi ilipelekwa chuoni vilevile. Kabla ya Krismasi, ofisi ya michezo ilikuwa imempa timu mtu mwingine na kumrudisha Kocha kwenye mashine ya majani.

Maoni ya mashabiki nimeyakusanya kwa uaminifu, hata yasiyonipendeza. Mzee Mushagalusa, kiongozi wa ngoma zetu, amesema haogopi kuandikwa: "Miye message ya kilio niliiona pale pale kwenye jukwaa. Nikajiambia, bon, dakika kidogo tu, tushinde kwanza, kisha tutalia. Mama alikuwa amekwisha kufa. Donc, haraka ya nini?" Wapo wengi wanaokubaliana naye. Kijana mmoja wa Beechmont anasema angalau Kocha angemwacha Gaël amfungie mama yake goli la mwisho. Mwanafunzi mmoja wa Columbus, mmoja wa wale waliotafsiri mipango yetu, anasema hajawahi kuona timu inamfukuza mtu kwa kuwa na adabu. Mashabiki wa Buffalo ndio wenye kelele zaidi. Kila tukienda kule hutundika bango, "Asante Reginaldi, kocha wetu bora," na watu wetu hurudi wamenuna wiki nzima.

Namheshimu Mzee Mushagalusa. Alinifundisha kupiga ngoma ndogo, na amesema wazi yale ambayo wengine huyasemea jikoni. Lakini jibu lake ndilo linalompa Kocha haki. Kama habari ilikuwa imeshafika kwenye simu za jukwaani, ilikuwa imebaki hatua chache imfikie Gaël. Angefunga goli, angekimbilia jukwaani kama kawaida yake, na angesoma msiba wa mama yake kwenye uso wa mtu, au angepewa pole na mtu asiyemjua, katikati ya ngoma. Kocha aliziona simu zikitolewa mifukoni. Mama Flavia alimsikia akimwambia Aganze pale benchi, "Akifunga nitampongeza kwa uso gani?"

Tumekuwa tukisema Kocha alipoteza kombe. Hakulipoteza, alilitoa. Alijua bei yake kuliko sisi, maana ndiye aliyeyaleta mengine matatu. Wala hakujitetea. Aliulizwa na ofisi ya michezo, akasema ulikuwa uamuzi wake tu, kwa sababu hakutaka Gaël arudi kutoka makaburini aambiwe kwamba msiba wake ndio uliotunyima ushindi.

Miaka iliyofuata amechora mistari ya uwanja. Ameifagia theluji, amefunga nyavu, amewasha taa kwa ajili ya makocha watatu waliokuja baada yake, ambao wote kwa pamoja hawajatufikisha fainali. Jukwaani walimbatiza "Bwana Chokaa". Siku moja mtu alimzomea, "Chokaa, mstari wako umepinda!" Kocha hakuinua kichwa. "Mstari haujapinda, ndugu yangu," alisema. "Ni wewe umekaa upande." Watu walicheka, na yule bwana akahama kiti.

Nilimuuliza Kocha kama anataka picha yake itundikwe. Alisema wasimpigie kura ya huruma, na kwamba Mama Florida anayo picha nzuri zaidi nyumbani. Nikamuuliza kama angerudi Buffalo leo angefanya nini. Alisema, "Ningemtoa mapema zaidi. Simu ya kwanza sikuisikia." Akarudi kukaza nati ya mashine yake.

Kwa hiyo, wanachama, Jumamosi nyoosheni mikono mnavyotaka. Mikono ni yenu. Lakini anayesema ukuta ule ni wa washindi peke yao atueleze mwizi wa mipira anafanya nini pale, akiwa amevalishwa fremu ya dhahabu.

Kocha Reginaldi, asante kwa makombe matatu, na asante kwa lile la nne ambalo hukulileta. Sisi vijana wa jarida hili tunakutakia wewe na Mama Florida miaka mirefu, bustani isiyoingiliwa na sungura, na Jumamosi nyingi za kukaa jukwaani ukiwazomea wengine. Jambo moja zaidi. Kura ni baada ya mechi. Gaël anafika kutoka Columbus asubuhi, na ametuandikia kwamba anakuja na picha, msumari na nyundo. Ukisikia kugongwa ukumbini wakati timu zinapasha misuli, usigeuke kutazama.