Bwana Maji na Mchepuko wa Mkurugenzi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza: huyu tuliyemzoea kwa jina la Bwana Maji alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi bomba na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ambako baba yake alifanya kazi. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo bomba kuu la mtaa lilipasuka, na mkunga akaingia ameshika viatu mkononi. Inawezekana mama alitia chumvi. Marehemu alipokua aliwauliza wazee wa mtaa ule, asipate hata mmoja aliyelikumbuka bomba. Wote walimkumbuka mkunga, na mambo yake na mwenye nyumba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, na sekondari alisoma kuanzia 1968 hadi 1971. Huko alikabidhiwa gazeti la ukutani. Makala yake ya kwanza ilihusu hali ya vyoo vya bweni, na ilikuwa ndefu. Pembeni yake mwanafunzi mwingine akabandika kikaratasi kilichosema kwamba mwalimu wa jiografia ameonekana sinema na mpishi wa shule. Wanafunzi walisukumana kukisoma hata ubao ukaanguka. Marehemu aliuinua, akaupigilia misumari upya, akabandika makala ya pili kuhusu vyoo. Tabia yake ilikuwa imeshakamilika hapo, na chuo cha uandishi alichomaliza mwaka 1975 hakikuongeza wala kupunguza kitu.

Aliajiriwa gazetini Machi 1976, akakaa hapo hapo mpaka alipostaafu. Alipewa ukurasa wa nne: maji, mitaro na taka. Meza yake ilikuwa kati ya stoo ya karatasi na dirisha lisilofunguka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa udaku, na mwandishi wake, bwana mmoja mchangamfu aliyeitwa Redio, alishinda akipokea simu. Simu ya Bwana Maji ililia kwa nadra, na mara nyingi aliyepiga alikuwa anamtafuta Redio.

Alichotaka maishani hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu asome ukurasa wa nne mpaka mwisho, kwa hiari yake. Alikuwa na tabia ya kusimama karibu na meza ya muuza magazeti wa kona akiwatazama wateja. Walinunua, wakaligeuza gazeti papo hapo, wakaanzia nyuma. Siku moja akamuuliza muuza magazeti kulikoni.

“Shikamoo kaka. Habari zako nzuri, sitaki kukudanganya,” alijibu yule kijana. “Ila hazina mtu ndani. Mtaro hauna shemeji.”

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani, aliyepo hapa mbele yetu. Walijuana pale marehemu alipopeleka suruali ipunguzwe kiuno, akakaa kusubiri na kuanza kumweleza habari za maji machafu kutuama nyuma ya soko. Bibi harusi mtarajiwa alimsikiliza, kisha akasema, “Kaka yangu, huna habari nyingine?” Hakuwa nayo, na bado akaolewa naye. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na wateja wenye midomo, na umbea wa mji mzima ulipita hapo kabla haujamfikia Redio. Magazeti ya mumewe aliyatumia kukatia vipimo vya kola na mikono. Ukurasa wa nne aliupenda zaidi kwa kazi hiyo, kwa sababu haukuwa na picha za kuchanganya macho. Marehemu aliliona hilo kila jioni na hakulisema, lakini lilimuuma.

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengi wenu mmekuja kulisikia. Mwaka 2013 mitaa minne ya bondeni ilikuwa ikipata maji mara mbili tu kwa juma. Bwana Maji alifuatilia kwa miguu, bomba kwa bomba, mpaka nyumbani kwa mkurugenzi wa maji. Katika lugha ya mafundi, bomba linalochepushwa kutoka bomba kuu kabla halijafika kwenye mita huitwa mchepuko. Mtaani, kama mnavyojua, mchepuko ni hawara. Marehemu, mtoto wa fundi bomba, alijua maana moja tu. Aliandika kichwa chake kwa nia safi: MCHEPUKO WA MKURUGENZI WAFICHULIWA.

Mhariri alikuwa safarini. Msanifu wa kurasa alimsomea kichwa kwa simu, naye akaomba apewe mwandishi.

“Una uhakika na huo mchepuko?”

“Nimeuona kwa macho yangu.”

“Wapi?”

“Nyumbani kwake, bustanini. Umelala tu pale, haujafunikwa hata na jani.”

“Mungu wangu! Na picha unazo?”

“Ninazo tatu. Umetoka vizuri mwanzo mpaka mwisho.”

“Ukurasa wa kwanza,” alisema mhariri, akakata simu. Alikuwa amesikia kichwa tu, kama wasomaji wake.

Gazeti lilikwisha kabla ya adhuhuri. Kwa kinyozi mtu mmoja alisoma kwa sauti, na wenzake wakawa wanamkatiza: “Mwanamke anaingia wapi?” Naye akawajibu, “Vuteni subira, bado aya tatu.” Hakuingia. Lakini kwa kumsubiri, mji mzima ulisoma habari ya mabomba mpaka nukta ya mwisho, na wengine walirudia, wakidhani wamemruka. Jioni kundi la watu likaenda getini kwa mkurugenzi kumtazama huyo mwanamke. Wengi walikuwa akina mama wa bondeni. Walichokiona ni majani mabichi, maji yakirushwa hewani kama hayana mwenyewe. Hapo ndipo walipoelewa walichokisoma. Kelele za siku hiyo zilimfikia waziri. Bomba likakatwa, mkurugenzi akahamishiwa ofisi nyingine, na mwezi uliofuata maji yakatoka bondeni kila siku.

Mke wa mkurugenzi alifika gazetini na mkoba wake kifuani. “Baba, niambie. Ni nani huyo?”

Bwana Maji alichukua karatasi akamchorea bomba kuu, mita, na njia ya pembeni. Mama yule aliukodolea macho mchoro.

“Kwa hiyo hakuna mwanamke?”

“Hakuna, mama. Ni maji tu, ya mitaa minne.”

“Basi afadhali,” alisema mama, akashusha pumzi na kwenda zake.

Marehemu alikuwa akisema kwamba matusi yote aliyowahi kutukanwa hayakumkera kama hiyo afadhali. Mhariri alimpandishia mshahara na kumtaka aandike vichwa vya namna ile kila juma. Alikataa. “Mimi nimesomwa kwa makosa,” alisema. Juma lililofuata akaandika “Hali ya Mitaro Karibu na Kiwanda cha Ngozi”, na magazeti yakarudi bila kuuzwa, mafungu kwa mafungu. Alistaafu mwaka 2015. Njiani watu walimsalimia, “Mzee, mchepuko mwingine lini?” Aliitikia salamu tu.

Kisukari, alichoishi nacho miaka mingi, kilimchukua macho mwaka 2019. Tangu hapo mkewe ndiye aliyemsomea. Alianza na makala zake za zamani, akidhani ndizo dawa. Marehemu alisinzia kwenye aya ya tatu. Ilikuwa hivyo kila alasiri, mpaka siku moja akasema, “Mama, weka hizo. Nisomee ukurasa wa nyuma.”

“Leo umekuwaje?”

“Mitaro siwezi kuisaidia tena. Nisomee watu.”

Basi akasomewa watu: mwanasoka aliyefukuzwa nyumbani na mkewe, mwimbaji aliyekana mtoto. Alicheka, alilaani, aliwaombea wapatane. Wanawe waliona aibu kidogo.

Februari 2022 figo zilizidiwa, na madaktari wakamruhusu arudi nyumbani. Alasiri ya tarehe 20 mkewe alikuwa akimsomea habari ya yule mwanasoka. Alipoona amelala, akaokota gazeti kuukuu kwenye rundo lake la vipimo, akaanza kusoma kimoyomoyo. Marehemu akazinduka.

“Umenyamaza. Wamepatana?”

“Nimeacha hiyo. Hawa wa kiwanda cha ngozi walikuwa wanamwaga maji yao wapi, huu mtaro si wameuziba?”

“Umesoma mpaka wapi?”

“Nimemaliza. Haya, waliuziba. Halafu?”

Katika miaka thelathini na tisa ya kuandika, hakuna aliyewahi kumuuliza neno hilo. Alijiinua, akaomba mto wa pili, akamweleza. Alieleza mtaro, bomba la chini kwa chini, barua za idara ya afya, fundi aliyetishwa akahama mji. Mkewe anasema alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuchanganya miaka, na kwamba yeye hakumkatiza hata mara moja. Alipochoka alisema ataendelea kesho. Alfajiri ya tarehe 21 alifariki dunia, na sehemu iliyobaki hakuna anayeijua.

Ameacha mjane, dada mmoja mkubwa, watoto watatu na wajukuu saba. Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, naye alale kwa amani.